Firigisi ya Shangazi Mastura

Juzi nilikuwa Kampala kwa siku chache, njiani kama kawaida yangu kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Asubuhi nikashuka Kansanga kununua rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai ambayo mtu wa Kampala akiwa mbali huiota usingizini. Mwanamke aliyekuwa akipika alikidunga kitunguu nusu kwa uma, akakichovya kwenye mafuta, akakisugua juu ya chuma cha moto. Moshi ukapanda. Nikasahau kuagiza. Waliokuwa nyuma yangu wakaanza kuguna, mpishi akaniita kwa heshima ya Kiganda, "Nyabo, mayai mangapi?" nami sikuwa pale tena. Nilikuwa uani kwetu Namuwongo, miguu mitupu, namtazama Shangazi Mastura akikigombeza kitunguu.

Ndiyo, alikuwa akigombeza vitunguu. Alikuwa akigombeza pia makaa, mvua, vifungo vya shati, na jogoo wa jirani aliyewika kabla ya wakati wake. Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, mkubwa hasa, yeye mzaliwa wa kwanza na baba wa mwisho. Mama yao alipofariki yeye ndiye aliyembeba baba mgongoni. Kwa hiyo baba, koplo wa polisi ambaye vijana wa reli wakimwona walibadilisha njia, akirudi kazini alikuwa akisimama mlangoni na kungoja.

"Rajabu! Miguu!"

"Naam, dada."

Na baba alikuwa akivua viatu vya kazi, akanawa miguu kwenye beseni, akaingia akinyata. Mimi nilikuwa napenda kukaa karibu na mlango saa hiyo ili nione.

Alikuja kwetu siku ya kawaida tu, akitokea Bombo, mji wa kwao, kwa mumewe. Alikuja na sanduku la bati, godoro lililofungwa kamba, na tabaga zake, vile vifuniko vya chakula vya kusuka ambavyo watu wa pwani huviita kawa. Sisi Wanubi mwanamke hujulikana kwa tabaga zake. Za kwake zilikuwa na mistari myembamba iliyokutana katikati bila kukosea, na moja ilikuwa nyekundu kama pilipili. Hakusema amekuja kwa siku ngapi. Alikunywa maji, akaitazama glasi, akainuka kuiosha upya. Kabla ya magharibi alikuwa amezigeuza sufuria zote za mama ili mishikio ielekee upande mmoja.

Usiku nilimsikia mama akicheka kwenye mto, halafu sikujua kama bado anacheka.

Kesho yake wakubwa walinong'ona kwamba Shangazi ameacha nyumba. Kwa akili yangu, mtu huacha nyumba ikiwa imeharibika. Tulishawahi kuhama moja kwa sababu ya mafuriko. Nikamfuata alipokuwa akipanga nguo zake sandukuni.

"Shangazi, paa lenu limeanguka?"

"Paa liko zima, mama. Mabati mapya."

"Maji yameingia?"

"Bombo kuna kilima, maji yatapandaje? Lete ile leso. Si hiyo, ile iliyokunjwa vizuri."

Kama paa lilikuwa zima na maji hayakuingia, nilishindwa kuelewa. Wakubwa nao walishindwa, ingawa wao waliuliza kwa njia nyingine. Jirani yetu Mama Okello, ambaye mumewe alikuwa polisi pamoja na baba, alikuja na kiti chake kidogo, akakaa kabisa.

"Mama, mimi nauliza tu. Yeye nakupiga?"

"Hajawahi kuninyooshea hata kidole."

"Basi ameoa mdogo?"

"Nani amtake? Anakoroma mpaka mbuzi wanaamka."

"Analewa?"

"Farajala? Anakunywa chai tu, na hiyo chai nimwekee sukari mimi, nikoroge mimi."

"Sasa?" Mama Okello akafungua mikono. "Sasa nini, bambi, maskini?"

Shangazi akainama, akaokota kijiti ambacho mimi sikukiona, akakitupa nje ya ua. "Kiti chako kinachimba udongo wangu," akamwambia. Hilo ndilo jibu alilotoa. Mtaani ikawa vigumu kumsamehe. Mwanamke aliyepigwa wangemhurumia, na aliyeletewa mke mwenza wangemsaidia kulia. Lakini mwanamke mwenye mvi, mwenye mume mpole na mabati mapya, anatafuta nini?

Alikuwa akitafuta chuma. Alinichukua Katwe, tukapita katikati ya kelele za nyundo na cheche, mpaka kwa fundi mmoja kijana anayeitwa Kato. Akamwagiza bamba la kuchomea gurusa, ile mikate yetu myembamba ya maji, kutoka kwenye kifuniko cha pipa. Tulipolifuata likiwa tayari, Shangazi aliomba maji, akamwaga kidogo katikati. Maji yakakimbilia upande mmoja.

"Umeona? Linakimbia."

"Nyabo, hiyo ni ardhi yangu imeinama. Chuma kiko sawa!"

"Basi nyoosha ardhi."

Mafundi wa jirani wakaacha kazi wakacheka. Kato akaligonga, akaligeuza, akaligonga tena. Tukarudi siku nyingine, na nyingine. Mara ya mwisho Kato alimwona kutoka mbali akapiga ukelele, "Jamani, ficheni maji, bosi amekuja!" Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeleta kikombe. Akamwaga. Maji yakakaa pale katikati yakitetemeka, hayajui pa kwenda. Shangazi akayatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hili," akasema, "ni langu."

Akaanza kuuza gurusa na chai kando ya njia inayovuka reli. Wateja wake walikuwa wapiga matofali, wabeba mizigo, na wachuuzi wa nyanya wanaotoka sokoni alfajiri. Watu hawa walizoea kula wamesimama, mkono mmoja umeshika toroli. Kwake ilibidi wanawe. Aliweka birika na sabuni, na asiyenawa aliambiwa mbele ya wenzake, "Wewe, mkono wako huo ulikuwa wapi? Usinijibu, nawa." Wakampa jina Kamanda. Walimtania kwa sauti, "Kamanda, hii gurusa yangu ina kona!" naye akaichukua akaichunguza kweli, akiigeuza mbele ya macho, wakati wao wanakufa kwa kicheko. Nilidhani watamkimbia. Kumbe walikuwa wakija mapema zaidi, na wengine walikuja wakiwa wamechana nywele.

Ijumaa hakuuza. Ijumaa alikuwa akinunua kuku kwa pesa yake, akampika kwa mikono yake, akafukuza kila mtu jikoni. Kwetu kuku ana ramani. Paja la mgeni, mabawa ya watoto, shingo na miguu ya mama aliyepika, na firigisi ni ya mwenye nyumba. Hakuna aliyetufundisha hivyo kwa maneno. Mimi nilijua firigisi ni ya baba kama nilivyojua kofia ya polisi ni ya baba.

Ijumaa ile ya kwanza, Shangazi alipakua sinia letu, akapakua sahani ya baba, kisha akatoa sahani nyingine, nzuri, yenye maua pembeni. Akaweka wali juu yake, akachagua kidari, akakigeuza kitazame vizuri. Halafu, mbele ya macho ya mama na yangu, akaweka firigisi. Akaifunika sahani kwa tabaga nyekundu, akaiweka juu ya sanduku lake nyuma ya pazia. Akaja kukaa nasi kwenye sinia, akamega tonge mbili tatu, akasema ameshiba.

Baba alipofunua sahani yake akatafuta. Aliupindua wali, akainua paja, akachungulia chini yake.

"Mama Saida, huyu kuku hakuwa na firigisi?"

Mama akanitazama mimi, mimi nikaitazama mikeka.

"Amewekewa mtu," mama akanong'ona.

"Nani?"

Mama akaonyesha kwa kidevu upande wa kaskazini, upande wa Bombo.

Tangu hapo ikawa hivyo kila Ijumaa. Sahani ilikuwa ikikaa pale imefunikwa tangu adhuhuri. Shangazi alikuwa akiosha vyombo vyote, akafagia jiko, akaoga, akajifukiza udi, akaswali alasiri. Kisha akaingia nyuma ya pazia, na akitoka sahani ilikuwa tupu na imeoshwa. Mama Okello alipoambiwa akapiga makofi.

"Si nilisema? Mama huyu anangojea bwana yake! Anapika, anaoga, ananukia. Akiona jua linashuka, bwana hakuja, basi anakula mwenyewe, chakula isitupwe. Ee Mungu, moyo ya mwanamke!"

Mama alifuta machozi kwa ncha ya leso. Hata mimi nililia, nikiwa nimekaa chini ya kamba ya nguo, kwa sababu sasa nilielewa kila kitu. Shangazi alikuwa amekasirika kidogo tu, na sasa kiburi kinamzuia kurudi. Nikaanza kuitazama ile njia ya reli kila Ijumaa. Katika mawazo yangu Mzee Farajala alikuwa mrefu, amevaa kanzu, na alikuwa anakuja akikimbia.

Baba naye alikuwa na mawazo yake. Alimpenda dada yake na alikuwa amechoka kunawa miguu. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili, na Shangazi alilala kwenye kimoja na sisi watoto. Wakati huohuo tulijua kwamba amepata chumba cha kupanga Kansanga, chenye dirisha linalotazama barabara, na mwenye nyumba anataka jibu upesi. Lakini kwetu mwanamke aliyetoka kwa mume huwa chini ya neno la kaka yake, hata kama ni yeye aliyembeba kaka huyo mgongoni. Baba angesema "rudi" mbele ya watu, Shangazi asingembishia. Angemwachia mdogo wake heshima yake, angefunga kamba godoro lake, na dirisha la Kansanga lingekwenda kwa mtu mwingine. Hilo alilijua kila mtu nyumbani.

Baba akatuma ujumbe Bombo kwamba shemeji aje bila hofu, anawekewa chakula.

Alikuja Ijumaa baada ya sala, wakati Shangazi akiwa bafuni kwa kina Mama Okello. Hakuwa mrefu. Alikuwa mzee mfupi mwenye kanzu ambayo haikupigwa pasi vizuri, kifungo kimoja kimeruka tundu lake, na mkononi alishika sukari iliyofungwa kwenye gazeti. Aliamkia watu wote kwa upole, hata mimi alinipa mkono. Nikampenda papo hapo, jambo ambalo lilinichanganya baadaye.

Baba alimketisha kwenye kiti chake mwenyewe. Akamsemesha habari za Bombo, za mvua, za marehemu. Kisha akamwashiria mama kwa macho. Mama akaingia nyuma ya pazia, akatoka na ile sahani, ameishika kwa mikono miwili, tabaga nyekundu juu yake, akapiga goti na kuiweka mbele ya mgeni.

"Shemeji," baba akasema, sauti imemlainika, "hili ni la kwako. Dada yangu hakukusahau hata Ijumaa moja."

Mzee Farajala aliitazama tabaga. "Mastura," akasema peke yake, kama anayeshukuru. Akapeleka mkono kwenye sahani.

"Nani ametoa sahani yangu?"

Shangazi alikuwa mlangoni, kitambaa kichwani, ananukia udi chumba kizima. Mkono wa mzee ukabaki hewani.

"Wifi," mama akasema, "mwenyewe amefika. Tumempa."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye sahani."

"Mwenye sahani ni mimi." Akamwamkia mumewe kwa adabu, akamuuliza hali, akamtazama kifungo, akajizuia. Kisha akaketi mkekani, akaivuta sahani taratibu mpaka ikawa mbele yake.

"Dada," baba akasema, "hiyo ya kwako ni ya nini?"

"Ya kula, Rajabu. Sahani ni ya nini?"

"Yenye firigisi?"

"Yenye firigisi."

Nje, Mama Okello, ambaye alikuwa amesahau kujifanya anaanika nguo, alisema "Ehh!" kwa sauti.

"Kuku wa kwanza nilichinjiwa nikiwa msichana," Shangazi akasema. "Firigisi naijua kwa kisu. Naijua kupasua, naijua kumenya ile ngozi ya njano, naijua kusugua kwa chumvi. Kwa ulimi sikuijua mpaka nilipokuja hapa. Nikaona niijue kabla sijafa. Kuna ubaya?"



"Mastura," mumewe akasema polepole, "mimi nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Nikuulize na mimi. Mtu akikuuliza, Mastura katika kuku anapenda nini, utamjibu nini?"

Mzee Farajala hakufanya haraka. Aliinamisha kichwa akatafuta kweli. Niliona uso wake ukipita mwaka hadi mwaka, sinia hadi sinia, na nikaomba apate. Kisha akainua macho, na yalikuwa yameng'aa kwa sababu amepata.

"Shingo," akasema. "Unapenda shingo."

Shangazi hakukasirika. Alimtazama kwa huruma ambayo sijaiona tena kwa mtu.

"Nilikuwa *nakula* shingo," akasema.

Akafunua sahani, akanawa, akasema bismillahi, akala. Alikula mbele ya wanaume, bila haraka, akiisukuma firigisi pembeni kwanza, akaijia mwishoni. Ni kitu kigumu, na meno yake hayakuwa yote. Tulimsikiliza akitafuna. Baba alikuwa ameangalia mikono yake. Nadhani alikuwa akimwona mvulana mdogo wa Bombo, hajaanza shule, anapewa firigisi na dada yake kwa sababu ndiye mwanamume pekee aliyebaki nyumbani, na hajiulizi dada amebaki na nini. Shangazi alipomaliza alifuta mdomo, akasema, "Kumbe ni ngumu hivi, na mnaigombania," na mama akaangua kicheko kile cha kwenye mto, safari hii mchana, hakujificha.

Baba akainua kichwa. "Dada, unataka nini?"

"Kile chumba cha Kansanga. Na mlango ufungukie nje, nimeshamwambia mwenye nyumba."

Baba akamgeukia mgeni. "Shemeji," akasema, "umesikia. Neno langu ni hilo lake."

Mzee Farajala akaitikia kwa kichwa. Hakubisha. Mambo ya talaka wazee waliyamaliza baadaye, kimya kimya, na sukari yake tuliinywa. Siku ile mama alimpakulia paja la mgeni, naye akalila lote, na akasema limeiva vizuri. Nadhani hakuwahi kulisema hilo kabla. Shangazi alimtazama kama aliyesikia ukuta ukisema.

Alipoaga alikwenda mpaka mlangoni, akavaa viatu, akasimama. Akarudi hatua moja.

"Mastura. Zile dawa zangu za presha huwa unaziweka wapi?"

Shangazi akasimama wima, akawa Kamanda.

"Kabati la chini, upande wa kulia, nyuma ya chupa ya chai. Nyeupe ni ya asubuhi. Ya njano ni ya jioni, na usiinywe na njaa. Kwanza unakula, kidogo kinatosha, ndipo unakunywa. Sema."

"Chini, kulia, nyuma ya chupa. Njano asubuhi..."

"Nyeupe!"

"Nyeupe asubuhi. Njano jioni."

"Na kifungo chako hicho, fungua uanze upya, unatia watu aibu."

Alifungua akaanza upya pale pale mlangoni, kama mtoto anayekwenda shule, sote tukimngoja. Shangazi hakumsaidia. Alipomaliza sawasawa, aliniambia nimsindikize mpaka relini, kwa sababu njia ile ina mashimo na macho ya mzee hayaoni vizuri.

Nilitembea nyuma yake. Njia nzima midomo yake ilikuwa ikicheza, kama anayesoma uradi. Tulipofika penye reli alisimama, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza mtu mzima alinitazama kana kwamba mimi ndiye ninayejua.

"Ile ya jioni," akaniuliza. "Alisema kabla ya kula, au baada?"

"Baada, Mzee," nikamwambia. "Ule kwanza."